Vishikio vya Suruali ya Alonzo

Jumamosi, 4 Novemba 1899

Tumeshinda! Uani wanaimba mpaka sasa. Mimi nimepanda chumbani peke yangu.

Niandike kwa utaratibu, kama Mwalimu Alsobrook anavyotufundisha – kwanza kilichotokea, kisha ninachofikiri.

Kilichotokea. Kaka yangu Alonzo alipewa mpira karibu na mstari wa kati. Akaukumbatia, maana mpira wetu huu hubebwa mikononi. Wenzake wakamzunguka, mmoja kulia na mmoja kushoto, wakashika vile vishikio vya ngozi tulivyovishona sisi wasichana kiunoni mwa suruali, wakamkokota mbele kama gunia ili waupasue ukuta wa wapinzani. Wapinzani nao wakamng'ang'ania shingo. Sheria ni kwamba mwenye mpira akizidiwa apaze sauti mwenyewe: "Chini!" Akishasema, wote wanamwachia. Asiposema, hawa wanavuta huku na wale wanavuta kule mpaka aseme. Na Alonzo hasemi! Hiyo ndiyo sifa yake. Mwaka wa kwanza hapa chuoni alikuwa mchota maji wa timu. Mwaka wa pili mtu mmoja akavunjika mtulinga, wakamwingiza yeye, na siku ile ile akaburutwa nusu ya uwanja bila kufungua mdomo. Gazeti likamwandika. Baba amelikata, amelibandika kwenye kioo cha duka lake la kunyolea, na mteja hanyolewi mpaka alisome.

Leo pia hakusema. Goti la mtu likampiga juu ya sikio. Hawavai kitu kichwani. Wanaacha nywele ziwe nene, eti ndiyo kofia. Nililisikia lile goti nikiwa kwenye kamba ya pembeni ya uwanja na wasichana wenzangu. Kaka alilala kidogo, akainuka, akacheka, akacheza mpaka mwisho. Anayetoka haruhusiwi kurudi, kwa hiyo hakuna anayetoka.

Ninachofikiri. Baada ya mchezo nilimpelekea maji. Akaniuliza, "Del, saa ngapi tunaanza?" Nikacheka. Nikamwambia tumeshamaliza, tumeshinda. Akanywa. Akaniuliza, "Del, saa ngapi tunaanza?" Nikamwambia acha mzaha. Akaniuliza tena. Sauti ile ile, uso ule ule, kama hakuwahi kuuliza.

Sijui niogope au nisiogope. Naogopa.

Jumapili, 5 Novemba

Kanisani kaka ndiye aliyesoma Zaburi. Alianza vizuri, ana sauti nzuri. Katikati akanyamaza. Akautazama ukurasa kama mtu anayetazama nje dirishani. Watu wakaanza kujigeuza kwenye viti. Ransom Petway, nahodha wa timu, aliyekaa mstari wa mbele, akakohoa kwa nguvu, kaka akashtuka na kumalizia. Aliruka mistari mingi. Watu wakasema Amina.

Nilimngoja kwenye ngazi. Nikamwambia nimeona.

"Umeona nini, bibi kizee wangu? Umeona mtu mwenye usingizi. Ransom anakoroma kama treni ya mizigo."

Halafu akaangalia huku na huku, akasema nisimwandikie Mama.

Nikamwambia, kama hakuna kitu, mbona nisimwandikie?

Hapo akaacha kucheka. Akasema, "Del, Bwana Gaither anakuja Sikukuu ya Shukrani."

Najua. Bwana Gaither ni mkuu wa Shule ya Pine Level. Anatafuta mwalimu wa hesabu ambaye pia atafundisha vijana wake mpira, na ametuma habari kwamba atakuja kumtazama Alonzo Torrence kwa macho yake siku tukicheza na wapinzani wetu wa Galloway. Kaka akipata kazi ile atakuwa na nyumba ya mwalimu. Nitakwenda naye. Pine Level wana darasa la ualimu la wasichana, hapa halipo. Tumelipanga hilo tangu nikiwa mdogo – yeye afundishe, mimi nisome, halafu mimi nifundishe.

Nimeahidi kunyamaza. Nimeahidi kwenye ngazi za kanisa.

Jumatano, 8 Novemba

Kaka mzima! Amenisaidia hesabu za sehemu leo, haraka kuliko mwalimu, na akanitania kwamba naishika penseli kama naikaba koo. Nimejiogopesha bure. Asante Mungu.

Jumanne, 14 Novemba

Siku mbaya.

Ransom amebuni mbinu mpya ya kuwavunja Galloway. Wakati wa chakula cha mchana aliipanga kwa maharagwe juu ya meza: haragwe jeusi ni Alonzo, yale mengine yote yanamkimbilia, yanamfunika, wawili wenye nguvu wanashika vishikio na kumtupa mbele juu ya wenzake. Kumtupa! Kama mtoto anayerushwa na baba yake, ila hakuna wa kumdaka. Watu wa meza nzima walishangilia. Mpishi alikuja akayala maharagwe mawili akasema, "Basi hawa wamekwishaumia." Wakacheka sana.

Jioni waliijaribu uwanjani. Mimi na Idella, ninayelala naye chumba kimoja, tulikuwa tunaanua nguo kwenye kamba nyuma ya uwanja. Kaka akapewa mpira. Akageuka akaukimbiza upande wetu! Kwenye goli letu wenyewe. Akakimbia vizuri, kichwa chini, peke yake, hakuna anayemfukuza. Wenzake wakasimama wakaanguka kwa vicheko. "Lon, huko ni jikoni!" "Mwacheni, amesikia harufu ya mkate!"

Na yeye akacheka. Lakini nilimwona. Kwanza alisimama. Kisha akawatazama wanavyocheka. Ndipo na yeye akacheka.

Idella amesema ataolewa naye tu, hata akimpeleka kanisani kwa mlango wa nyuma. Nilijikaza nicheke.

Alhamisi, 16 Novemba

Nimemkuta nyuma ya chumba cha kufulia ameinama, ameshika ukuta, anatapika. Hakuniona mara moja. Alipofuta mdomo akasema ni nyama ya nguruwe ya asubuhi. Sote tulikula nyama ile.

Akasema mwanga unamchoma. Kulikuwa na mawingu.

Nilimwambia, "Kaka, basi sema 'Chini'. Wakikushika tu, sema. Mapema. Ni neno dogo."

Akasema, "Del, wanakuja kuniangalia kwa sababu silisemi."

Kisha akanishika bega kwa upole akaenda darasani. Aligusa ukuta njia nzima.

Ijumaa, 17 Novemba

Niliamua leo nimwambie Mwalimu Alsobrook. Ahadi ni ahadi, lakini nilikuwa nimeamua. Nilibaki chumba cha kushonea baada ya wenzangu kutoka. Nilikuwa nimeyapanga maneno.

Kabla sijafungua mdomo akanishika kidevu. Yeye si mtu wa kushika watu. Akasema, "Torrence, mshono wako haufumuki. Vishikio vya wengine vimeng'oka mwezi huu, vya kaka yako havijalegea hata uzi. Nimemwambia Mkuu wa chuo: binti anamshonea kaka, kaka anaubeba mpira, na wote wawili wanalibeba jina letu." Macho yake yalilowa. Akasema watu waliotuona hatuwezi hata kusoma watakuja kutuangalia siku ile, na sisi tutakuwa wasafi, tumenyooka, tumeshinda.

Nilisema asante Mwalimu. Nikatoka.

Mwoga mimi.

Na sasa sifikirii ila hili: ni mimi niliyevishona. Uzi mara mbili, nimeutia nta, nimeukaza kwa subana mpaka kidole kikafa ganzi. Havikatiki kwa sababu yangu.

Jumanne, 21 Novemba

Nimemwuliza Ransom. Nilimvizia nje ya maktaba, nikavuta pumzi, nikamwuliza kama ameona lolote kwa kaka yangu.

"Lon?" akasema. "Lon ni chuma. Ungemgonga kwa nyundo ingeinama nyundo."

Nikamwambia kuhusu kutapika.

"Hata mimi hutapika kabla ya Galloway. Umewaona ukubwa wao? Kuna mmoja anakaa viti viwili." Akacheka. Akavua kofia kwa heshima, kama mimi ni mtu mzima. "Usihangaike, dada mdogo. Mimi niko pembeni yake kila mara. Mimi ndiye ninayeshika."

Ni kweli. Yeye ndiye anayeshika kishikio cha kulia.

Nilitaka kumwamini. Nimemwamini mpaka kwenye ngazi. Kisha nikakumbuka kwamba hakuniuliza alitapika lini.

Ijumaa, 24 Novemba

Leo kaka ameniita Idella. Mbele ya Idella. Idella amefurahi mpaka akaacha chakula, anasema ni dalili kwamba jina lake liko mdomoni mwa Alonzo usiku na mchana.

Mimi nilitazama uso wa kaka. Alikuwa anatafuta. Kama mtu aliyeweka funguo mahali asipopakumbuka.

Jumapili, 26 Novemba

Kaka hana tatizo leo. Alisoma, aliimba, alibishana na mchungaji kuhusu Yona na akashinda. Hilo ndilo linalonitesa – siku mbili ni kaka yangu mwenyewe, siku ya tatu si yeye. Kama angeumwa moja kwa moja ningejua la kufanya. Nadhani ningejua.

Jumatano, 29 Novemba

Mama na Baba wamefika kwa treni ya mchana. Baba amekuja na wateja wake wanne na utepe wa rangi zetu kifuani. Mama amebeba pai ya viazi vitamu mapajani njia nzima, haikupata ufa. Hajawahi kuuona mchezo. Baba alijaribu kumweleza kwenye jukwaa la stesheni, akautumia mwavuli kama mpira.

Mama akasema, "Mbona mnauita mpira wa miguu na mnaupakata kama mtoto mchanga?"

"Miguu ni ya kukimbilia, mama watoto."

"Na hao wengine?"

"Hao wanamzuia."

"Wanamzuiaje?"

Baba akamtazama kaka. Kaka akasema, "Kwa adabu, Mama."

Wote tukacheka. Kaka alikuwa mzuri leo, amevaa koti, ameshika mzigo wa Mama. Mama alimpapasa kichwa akasema nywele hizi zitakwenda kwa mkasi wa baba yako mara tu mchezo ukiisha. Mkono wake ulipita juu ya sikio. Kaka akafumba macho. Mama akadhani ni mapenzi.

Ningesema pale pale! Nilikuwa nao wote, kwenye jukwaa moja. Baba alikuwa anacheka. Ningemwambia nini – kwamba mwanao amesahau jina langu mara moja? Na kama nimekosea? Bwana Gaither arudi alikotoka, kaka akae nyumbani afagie nywele za watu, kwa sababu mdogo wake anaona mambo? Asingenisamehe. Na kama sijakosea?

Nyumbani kwa mchungaji, walikofikia, nilimwambia Mama kaka anaumwa kichwa. Hilo tu. Akasema ni kusoma sana, akanipa chupa ya mafuta ya kafuri nimpelekee.

Baada ya hapo nikaenda chumba cha kushonea. Suruali zote kumi na mbili zilikuwa mezani zimefuliwa, hizo ndizo tulizonazo. Mwalimu Alsobrook alitugawia tuzikague. Ya kaka nilipewa mimi, kama kawaida.

Vishikio vilikuwa vizima. Mshono wangu. Nikaviangalia muda mrefu. Kisha nikachukua mkasi mdogo, nikaufumua mmoja. Nikafumua na wa pili. Nikavirudishia kwa bandi tu – uzi mmoja, mwembamba, bila nta, mishono mirefu kama tunavyoshikizia nguo kabla ya kuishona kweli. Juu nikapitisha chaki mishono isionekane.

Wazo langu ni hili. Ransom atavuta, kitatoka. Hakutakuwa na pa kumshikia. Hawatamkokota, hawatamrusha. Atashikwa kama mchezaji mwingine yeyote, atasimama pale, atasema "Chini" kwa sababu hakuna lingine la kusema. Bwana Gaither atamwona anavyokimbia tu. Anakimbia vizuri.

Mwalimu alipita nyuma yangu. Akasema, "Torrence, hujachoka?" Nikasema hapana Mwalimu.

Sijawahi kushona vibaya kwa makusudi. Mikono yangu ilikuwa baridi kama si yangu.

Alhamisi, 30 Novemba. Asubuhi

Theluji kidogo, inayeyuka. Uwanja tope. Galloway wamefika kwa mabehewa mawili, na yule wa viti viwili ni kweli yupo. Bwana Gaither amekaa na Mkuu wa chuo – mtu mfupi, miwani, blanketi magotini. Mama yuko mstari wa mbele ameshika mwavuli ule ule.

Nimemwona kaka akitoka. Amenikonyeza. Amezitambua sura zote. Leo ni siku yake nzuri! Ee Mungu, iwe siku yake nzuri.

Siwezi kula.

Alhamisi hiyo hiyo. Chumba cha kushonea

Ni mapumziko. Mlango nimeufunga kwa ndani. Suruali ya kaka iko mapajani mwangu, imelowa tope, ina joto lake bado. Daftari nimeliweka juu yake. Natakiwa kuwa nashona. Naandika kwa sababu nikiacha mikono yangu bure itashona. Imezoea.

Kwa utaratibu. Kilichotokea.

Mara ya kwanza alipewa mpira akakimbia peke yake pembeni, watu wakasimama, Baba akapiga mbinja. Mara ya pili vile vile. Nikafikiri Mungu amenisikia. Mara ya tatu Ransom akaita ile mbinu ya maharagwe. Wakakusanyika, wakakimbia, Ransom akashika kulia, mwenzake kushoto, wakavuta ili wamrushe – na vyote viwili vikatoka. Nilisikia uzi. Haiwezekani kusikia uzi kutoka kwenye kamba, lakini nilisikia. Ransom alianguka nyuma ameshika ngozi mkononi.

Kaka akabaki katikati, amesimama, hana wa kumvuta.

Nilifikiri Galloway wataacha. Nilifikiri mtu akisimama wataacha. Hawakuacha! Walimrundikia. Wa kwanza, wa pili, yule mkubwa, na wetu pia walirudi wakarukia juu, wote, kilima cha watu. Na chini yake kimya. Mwamuzi anangoja neno. Kila mtu anangoja neno. Mama akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mbona hasemi?"

Muda ulikuwa mrefu. Ransom ndiye aliyelisema. Alilala kifudifudi kwenye tope, mdomo karibu na kilima, akapiga kelele "Chini!" kama vile ni kaka, na mwamuzi akapuliza.

Wakamwinua. Watu wakashangilia. Alitembea. Filimbi ya mapumziko ikalia baada ya muda si mrefu.

Mwalimu Alsobrook alikuja mbio kutoka kwenye viti vya wageni, sijawahi kumwona akikimbia. Akanipa ufunguo wa chumba. Akasema, "Vimeng'oka, sijui vipi. Kimbia, Torrence. Uzi mara mbili. Dakika kumi." Hakuna suruali nyingine, ya kumi na mbili ameivaa mchezaji wa akiba, na kaka haimwingii.

Kaka aliivulia hapa nje ya mlango, kwenye ujia, amejifunga blanketi la farasi. Ransom amemshika kiwiko. Kaka akanipa suruali kwa mikono miwili, kama anatoa zawadi. Akasema, "Asante, binti." Nikamtazama. Jicho la kushoto lilikuwa jeusi lote, mboni imefunguka mpaka pembeni. La kulia lilikuwa la kawaida.

Nikaingia. Nikazungusha ufunguo.

Mwanzoni hawakujua. Ransom aliimba wimbo wa timu kumchangamsha. Kisha akagonga. "Dada mdogo, vipi?"

Nikasema sishoni.

Akatikisa kitasa. Halafu akacheka. "Usitutanie, Delphia. Huyu mtu yuko na blanketi. Unataka Galloway wamwone magoti?"

Nikasema hatoki. Bila suruali hatoki.

Sasa kaka anagonga. Anagonga kwa vidole, taratibu. "Fungua, bibi kizee." Jina langu la mzaha! Nilikaribia kufungua. Anasema Bwana Gaither anangoja. Anasema nikiharibu leo nimeharibu Pine Level, ya kwake na ya kwangu. Yuko sawa. Kila neno liko sawa. Nilisimama, nimeshika ufunguo.

Nikamwuliza, "Kaka, tunacheza na nani?"

"Swali gani hilo?"

"Nijibu, nafungua."

Nikasikia mnong'ono. Si wa kwake. Mlango huu ni wa mbao nyembamba.

"Galloway," kaka akasema kwa sauti kubwa.

Ransom alimnong'oneza. Alimnong'oneza haraka, bila kushangaa, kama mtu aliyezoea kazi hiyo. Kikohozi cha kanisani. "Lon ni chuma." Anajua! Amejua tangu mwanzo, amekuwa akimpa majibu mwezi mzima, na mimi nilidhani ni mimi peke yangu.

Nimerudi kukaa. Naandika haraka, maandishi haya hayatasomeka.

Nimemwuliza lingine. Nimemwuliza lile ambalo Ransom hawezi kulijua. "Kaka, duka la Baba liko mtaa gani?"

Amelifagia duka lile tangu hajafika kwenye kimo cha kiti. Tumezaliwa juu yake, ghorofani.

Hakuna mnong'ono.

"Mtaa," anasema. "Ule mtaa." Anapumua. "Ule wenye kioo, Del."

Huko nje wanaimba. Ngoma. Wameanza kupiga miguu kwenye mbao za viti, wanamwita kwa jina, Tor-rence, Tor-rence, na sauti ya Baba imo, naitambua. Viatu vya Mwalimu Alsobrook viko ngazini, na shada la funguo zake za akiba.

Nasikia blanketi likishuka ukutani, kama mtu anakalishwa sakafuni.

Sasa Ransom amesogea karibu kabisa na mlango. Hana sauti ya nahodha. Anasema, "Delphia. Muulize jingine. Muulize jepesi."